Makofi Hayatoshi, Mzee Naye Apimwe Muda

Mtu akishavuka miaka 50 hapa kwetu Arusha, kisha akaonekana barabarani alfajiri amevaa kaptura na raba, mbio zake hazikosi kutafutiwa sababu. Wa kwanza atasema huyo anaumwa: daktari amemwambia ana sukari au presha, ndiyo maana anahangaika. Wa pili atasema amechanganyikiwa tangu alipostaafu. Wa tatu, ambaye ni mpole kuliko wote, atasimama kando ya njia, atamwamkia shikamoo kwa adabu zote, kisha atamwambia, "Pumzika mzee, umeshafanya kazi vya kutosha." Katika watu hawa watatu, ninayegombana naye katika kurasa hizi ni huyu wa mwisho. Wawili wa kwanza wananisingizia tu. Huyu wa tatu ananizika nikiwa hai, na ananizika kwa heshima.

Nina miaka 63. Nimekimbia mbio ndefu kwa miaka 16 sasa: kilomita 10, nusu marathoni, na mara nne marathoni kamili ya kilomita 42 na mita 195. Mbio hizo hazijaniingizia hata shilingi moja, wala sikutarajia. Sikuanza kwa amri ya daktari, na akili zangu, kwa kadiri ninavyozijua, ziko timamu. Nakimbia kwa sababu napenda kushindana. Nashindana na watu wa rika langu, nashindana na muda wangu wa mwaka jana, na kila mwaka nashindana na mwili ambao hauna mpango wa kunirudishia ujana. Basi neno langu ni hili: mzee anayekimbia anastahili kupimwa, si kupongezwa tu. Makofi bila saa ni huruma, na huruma anayopewa mtu ambaye hakuiomba ni dharau iliyovaa kanzu nyeupe.

Wapo watakaosema hili ni jambo dogo. Nchi ina matatizo ya maji, ya shule na ya hospitali, na mzee mmoja anadai saa. Nami nasema si jambo dogo, maana jinsi tunavyomtendea mzee kwenye mstari wa kumalizia mbio ndivyo tunavyomtendea katika mambo mengine mengi. Tunamweka kiti cha mbele, tunampa soda, tunamwomba afungue mkutano kwa sala, kisha tunaendelea na kikao kana kwamba hayupo. Tofauti ni kwamba katika mbio jambo hili linaonekana wazi, kwa sababu pale kuna kipimo. Uamuzi wa kutomtumia mzee kipimo hicho hauwezi kufichwa.

Tuutazame kwanza mji wenyewe. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, imeegemea miguu ya Mlima Meru wenye mita 4,566. Ukitoka Mnara wa Saa ukaelekea upande wa mlima, iwe kwa Sekei au kwa Ilboru, ni kupanda tu. Hewa ni nyepesi, asubuhi ni baridi, udongo wa njia za ndani ni laini isipokuwa wakati wa masika unapogeuka utelezi. Ukiamka mapema utakutana na vijana wembamba wakipita makundi kwa makundi, miguu yao haigusi chini bali inaonja. Mkoa wa Arusha wa zamani, kabla Manyara haijamegwa kutoka kwake mwaka 2002, ulimtoa Filbert Bayi wa Karatu, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974. Ulimtoa pia John Stephen Akhwari wa Mbulu, ambaye nitamrudia. Kwetu sisi mbio ni kazi, na ni kazi ya vijana. Kijana anayekimbia tunamwelewa: anatafuta maisha. Mtu asiyetafuta maisha kwa miguu yake, bali anakimbia tu, hana mahali pa kuwekwa katika mawazo yetu.

Tarehe 15 Septemba 2025, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya Mashindano ya Dunia mjini Tokyo na kuiletea Tanzania medali ya kwanza ya dhahabu katika mashindano hayo. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule: saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ilibidi picha ya kamera iamue, na tofauti iliyoonekana ilikuwa sehemu 3 za mia ya sekunde. Kupepesa jicho kunachukua muda mrefu kuliko huo. Nchi nzima ilifurahi, nami nilifurahi mpaka sauti ikanikauka. Lakini nikajiuliza: nchi ambayo siku ile ilijifunza thamani ya kipande kidogo kiasi kile cha sekunde, inakuwaje mzee akipunguza dakika 10 katika muda wake wa mwaka uliopita asipatikane hata mtu mmoja mwenye kalamu wa kuziandika?

Nitaambiwa kwamba ni kwa upendo. Mzee anaonewa huruma asichoke. Hoja hii ningeiamini kama tungekuwa kweli tunawaonea huruma wazee wanaochoka. Nenda Tengeru siku ya soko, Jumatano au Jumamosi. Simama njia panda asubuhi utazame akina mama wanaoteremka kutoka vijiji vya Meru, wengine umri wao umepita miaka 60, na mikungu ya ndizi kichwani. Wanateremka kilomita kadhaa na mzigo, wanasimama sokoni kutwa, kisha jioni wanapanda mlima uleule na sukari, chumvi na mafuta ya taa. Mapafu yao na miguu yao ni ya wanariadha. Sijapata kusikia mtu akimwambia mmoja wao, "Pumzika mama, umeshafanya kazi vya kutosha." Mzigo ulioko kichwani unamruhusu kuchoka. Sasa mwambie mama huyohuyo autue mkungu, avae raba, apande mlima uleule mbio bila kubeba kitu. Kabla hajafika kona ya pili watu watakuwa wameshamwita shemeji yake aje kumchukua.

Hapo ndipo ukweli unapojitokeza. Jamii yetu haina kinyongo na mzee kuchoka. Ina kinyongo na mzee kuchoka kwa ajili yake mwenyewe. Akichoka kwa ajili ya wajukuu, shamba, msiba, harusi au kanisa, huyo ni mzee mwema. Akichoka kwa kitu ambacho faida yake haigawanywi, huyo ana kasoro. Na kwa mwanamke kasoro hiyo huhesabiwa mara mbili. Ndiyo maana katika mbio zetu unaweza kuwahesabu wazee wanaume kwa vidole vya mikono miwili, lakini wanawake wa rika lao unawahesabu kwa mkono mmoja na vidole vinabaki.

Sasa nije kwenye mbio zenyewe. Tangu Kilimanjaro Marathon ilipoanza mjini Moshi mwaka 2003, mbio za barabarani zimeongezeka sana katika nchi yetu. Kila mji una zake, na kila jambo jema lina zake: za kuchangia hospitali, za mazingira, za madawati. Vikundi vya jogingi vimezaliwa mitaani, na watu wazima wengi wamevaa raba ambao zamani wasingethubutu. Hilo ni jema, na wanaoandaa wanastahili shukrani. Lakini katika nyingi ya zile nilizokimbia mimi, mzee hutengewa nafasi yake mapema: kilomita 5 za kujifurahisha, pamoja na watoto na wageni waalikwa. Ukienda kujiandikisha kwa umbali mrefu unatazamwa kwa mashaka. Unaulizwa kama una uhakika. Kijana wa miaka 25 mwenye kitambi, ambaye hajapata kukimbia hata kuliwahi basi, haulizwi.

Mwaka mmoja nilikimbia nusu marathoni ambayo sitaitaja jina. Tangazo lilisema mstari ungefungwa baada ya saa 3 na nusu. Mimi nilifika, kwa saa yangu ya mkononi, nikiwa nimetumia saa 2 na dakika 21. Meza za maji za kilomita za mwisho zilikuwa zimekwisha kukunjwa. Saa kubwa ya mstarini ilikuwa imezimwa, kwa sababu mgeni rasmi alikuwa amefika na hotuba zilitakiwa kuanza. Msema chochote aliponiona akaninyooshea mkono na kupaza sauti: "Mpigieni makofi babu yetu!" Makofi yakapigwa, na kwa kweli yalipigwa kwa moyo. Nikavishwa medali. Nikauliza muda wangu umeandikwa wapi. Kijana wa kamati akacheka kwa upole, akasema, "Mzee, muda wa nini tena? Umemaliza, inatosha." Nyuma yangu walikuwapo wanawake wawili wa makamo waliofika baada ya nusu saa nyingine, huku mgeni rasmi akiendelea kuhutubia juu ya umuhimu wa mazoezi. Hao hata makofi hawakuyapata.

Yule kijana hakuwa na ubaya wowote. Alidhani ananipa zawadi. Lakini tuichambue kauli yake. "Umemaliza, inatosha" maana yake ni kwamba kutoka kwangu hakuna kingine kinachotarajiwa. Kijana aliyemaliza kwa saa 2 na dakika 21 angeambiwa ajitahidi, mwaka ujao ashuke chini ya saa 2. Mimi niliambiwa inatosha. Asiyetarajiwa kuongeza kitu ameshafutwa katika orodha, hata kama picha yake itatundikwa ukutani.

Wenzetu walikwisha kulitatua jambo hili zamani. Mashindano ya kwanza ya dunia ya wanariadha wakongwe yalifanyika Toronto, Kanada, mwaka 1975. Ukongwe wenyewe huhesabiwa kuanzia miaka 35, na kila miaka 5 ina kundi lake: wa 60 hadi 64 wanashindana wao kwa wao, wa 65 hadi 69 vivyo hivyo, na kuendelea hadi watu wa miaka 90 na zaidi. Marathoni ya Boston nayo ina kanuni yake: wengi hawaingii mpaka wawe wamekimbia marathoni nyingine kwa muda uliowekwa kulingana na umri na jinsia. Kwa mbio za mwaka 2026, mwanamume wa miaka 60 hadi 64 alitakiwa awe amekimbia kwa saa 3 na dakika 50 au pungufu. Kanuni hiyo haimhurumii mzee wala haimfukuzi. Inamwambia: kiwango chako ni hiki, kifikie. Usipokifikia unabaki nyumbani kama kijana aliyeshindwa kukifikia cha kwake. Mimi sijakifikia. Nakipenda hata hivyo, kwa sababu kimenichukulia kuwa mtu mzima anayeweza kushindwa. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Nami naongeza kwamba asiyeruhusiwa kushindwa naye si mshindani.

Nilisema nitamrudia Akhwari. Watanzania wengi wanakijua kisa chake: Mexico City, Oktoba 1968, marathoni ya Olimpiki. Alianguka njiani, akaumia goti, akafungwa bendeji na kuendelea, akaingia uwanjani giza limeshaanza na watazamaji wengi wameshaondoka, zaidi ya saa nzima baada ya Mwethiopia Mamo Wolde kushinda. Kisa hiki tunakisimulia mashuleni kama somo la uvumilivu na uzalendo, na ni kweli. Lakini liko jambo moja ambalo huwa hatulisemi. Muda wa Akhwari siku ile unajulikana: saa 3, dakika 25 na sekunde 27, nafasi ya 57, mtu wa mwisho kumaliza. Unajulikana kwa sababu pale mstarini walikuwapo watu ambao hawakuzima saa. Walibaki gizani kumsubiri mtu ambaye hakuwa na medali ya kuchukua, wakamwandika kama walivyomwandika mshindi. Laiti wangekunja meza ili mgeni rasmi ahutubie, leo tusingekuwa na rekodi hiyo. Tunaomsifu Akhwari hatuna budi kuwasifu na wale walioshika saa, kisha tujiulize kwa nini sisi wenyewe tunazima ya kwetu mapema.

Sasa tuzungumze juu ya mwili, maana hapo ndipo wapinzani wangu wanapojificha. Sidai kwamba uzee ni uongo. Mapigo ya juu kabisa ya moyo hupungua kadiri miaka inavyokwenda, na hakuna mazoezi yanayoyarudisha. Misuli hupungua. Uwezo wa mwili kutumia oksijeni, kwa mtu asiyefanya mazoezi, hupungua kwa asilimia 10 hivi kila miaka 10 baada ya ujana. Lakini kwa mtu anayeendelea na mazoezi makali hupungua karibu nusu ya hapo. Soma tena sentensi hiyo, ndugu msomaji. Nusu ya kile tunachokiita uzee, katika jambo hili, si uzee. Ni kukaa. Ni ile "pumzika mzee" iliyotiiwa kwa miaka 20.

Mazoezi ya mzee yana hesabu yake, na hesabu hiyo ni kali kuliko ya kijana. Kijana anaweza kukimbia kwa nguvu Jumatatu na Jumanne na asione tofauti. Mimi nikikimbia kwa nguvu leo, mwili wangu unadai siku mbili au tatu za kutulia kabla haujakubali tena. Kwa hiyo wiki yangu ina siku mbili tu ngumu. Jumanne napanda kutoka Sanawari kuelekea mlimani, nguvu juu na taratibu chini, mara sita au nane. Jumamosi ni mbio ndefu, mara nyingi upande wa Ngaramtoni na msitu wa Olmotonyi, ambako kuna kivuli na magari ni machache. Siku nyingine mbili ni mbio za pole tu, na siku moja ni ya kuimarisha mapaja na kiuno: kuchuchumaa na kusimama, kupanda na kushuka ngazi, kunyanyua ndoo za maji. Siku mbili zinazobaki ni za kupumzika, na hapo ndipo neno "pumzika" linapopata mahali pake halali: kama sehemu ya kazi, si kama mwisho wake. Mtu anayeishi hivi hajichezei. Ana nidhamu ambayo wengi wa wanaomhurumia hawana.

Na matunda yapo. Ed Whitlock, Mkanada mzaliwa wa Uingereza, alikuwa mtu wa kwanza aliyevuka miaka 70 kukimbia marathoni chini ya saa 3. Alifanya hivyo mwaka 2003 akiwa na miaka 72, kwa saa 2, dakika 59 na sekunde 10. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 73, alishuka hadi saa 2, dakika 54 na sekunde 48. Hakuwa na kocha wala vifaa vya ajabu. Alikuwa akizunguka katika makaburi ya karibu na nyumbani kwake, saa mbili, hata tatu kwa siku. Mwaka 2016, akiwa na miaka 85, alimaliza marathoni ya Toronto kwa saa 3, dakika 56 na sekunde 34, na mwaka uliofuata akafariki dunia. Mzee yule aliyaingia makaburi kila siku kwa miguu yake mwenyewe na kutoka. Habari zake tunazijua kwa sababu ileile ya Akhwari: mtu alishika saa.

Hoja ya moyo na magoti nayo isikae bila jibu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walianza mwaka 1984 kuwafuatilia wakimbiaji wenye miaka 50 na zaidi pamoja na wenzao wasiokimbia. Baada ya miaka 19 walikuwa wamefariki asilimia 15 ya wakimbiaji, na asilimia 34 ya wasiokimbia. Baadhi yao walipigwa picha za magoti kwa miaka mingi, na magoti ya wakimbiaji hayakuonekana kuchakaa kuliko ya wengine. Mtu anaweza kusema, na atakuwa na haki, kwamba anayechagua kukimbia huenda alikuwa mzima zaidi tangu mwanzo. Nakubali. Ndiyo maana nasema kila mwenye umri wetu aonane na daktari kabla hajaanza, apime presha na moyo, na akisikia maumivu ya kifua njiani asimame mara moja, asijifanye shujaa. Lakini kutoka hapo mpaka kusema kwamba mbio zinaua wazee ni mbali sana. Mkongwe wa Kihindi Fauja Singh, aliyemaliza marathoni ya Toronto mwaka 2011 ikisemwa ana miaka 100, alifariki Julai 2025. Hakuuawa na mbio. Aligongwa na gari katika barabara ya karibu na kijiji chake huko Punjab. Mzee wa Arusha anayekwepa bodaboda kabla ya jua kuchomoza anaelewa vizuri kifo hicho. Wanaotuhurumia wangetuandalia njia za miguu kando ya barabara, huruma yao ingekuwa na maana.

Kuna pia rafiki zetu, na hawa nawagusa kwa upole. Ni wale wanaotutetea kwa kusema, "Mwacheni mzee akimbie, ni kwa ajili ya afya." Nawashukuru, lakini utetezi huo sitautumia. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, hata kwa wenye miaka 65 na zaidi. Kutembea haraka kutoka Kijenge hadi mjini na kurudi siku tano kunatosha kabisa. Kama ningekuwa natafuta afya peke yake ningetembea, nikaokoa raba zangu. Anayesema mzee akimbie kama dawa amemrudisha kulekule kwenye kitanda cha hospitali tulikomtoa. Kijana anayecheza mpira haulizwi kama anacheza kwa ajili ya cholesteroli. Anacheza kwa sababu anataka kushinda. Kutaka kushinda hakuna tarehe ya kustaafu. Serikali inanistaafisha kwa lazima nikifika miaka 60. Haikupata kuninyang'anya na hamu pia.

Hoja ya mwisho ni ya heshima: kwamba mtu mzima hapaswi kuonekana na kaptura, anahema, jasho linamtoka, mbele ya watoto wa shule. Nimewaza sana juu ya hoja hii, kwa sababu mimi pia nimelelewa katika adabu hizo. Watoto hunikuta kwenye mlima wa Ilboru wakaniamkia kwa pamoja, "Shikamoo babu!", nami naitikia "Marahaba" kwa pumzi niliyoikopa. Mwanzoni walicheka. Siku hizi wako wanaonikimbilia sambamba kwa mita 100, mabegi yakiwarukaruka mgongoni, na mmoja hunipita kila mara na kunisubiri kwa dhihaka. Sioni heshima yangu iliyopungua. Naona watoto wanaojifunza kwamba uzee si ugonjwa wa kuusubiri. Wahenga walisema ng'ombe hazeeki maini. Kama methali hiyo tunaiamini mezani, tuiamini na barabarani.

Basi ninachodai ni vitu vichache, na vyote ni rahisi. Kwanza, kila mbio ziwe na makundi ya umri, walau ya miaka 10 kama ya miaka 5 ni mengi, kwa wanaume na kwa wanawake. Fomu ya kujiandikisha tayari inauliza umri. Kinachotakiwa ni kuutumia. Asitokee mtu akasema wazee hawana vyeti vya kuzaliwa. Ni kweli wengi wetu hatuna, lakini kitambulisho cha taifa kina tarehe. Pili, matokeo ya wote yaandikwe na kutangazwa, si ya kumi bora tu. Tatu, saa na maji vibaki mpaka muda uliotangazwa uishe, na mgeni rasmi ahutubie baadaye au aje akae mstarini na kuwapokea watu. Nne, zawadi ya fedha hatuidai. Fedha ziende kwa vijana ambao mbio ni riziki yao. Sisi tupeni karatasi yenye jina, umri, muda na nafasi.

Na wenzangu wa rika langu nao nawaambia: tuache kupokea makofi kana kwamba ndiyo malipo yetu. Tukimaliza, tuulize muda, na tukiambiwa inatosha, tuulize tena. Kutoka Ngaramtoni hadi Usa River barabara ya mchepuo ina kilomita 42 hivi, kana kwamba aliyeichora alikuwa na marathoni kichwani. Iko wazi kila asubuhi, haimwamkii mtu, haimhurumii mtu. Nendeni mkaikimbie kidogo kidogo, kipande baada ya kipande, mkiwa na saa mkononi. Mwakani mwende tena, kisha mlinganishe. Mkikuta mmepungua, andikeni kwamba mmepungua. Mkikuta mmeongeza, andikeni hivyo pia, na mwonyesheni yule anayewaambia mpumzike.